Vidole Viwili vya Bekiye

Wiki iliyopita nilimpelekea fundi pikipiki ya Baba. Nilipofika alikuwa akichomelea geti la mtu, na ile harufu ya chuma kinachoungua iliponifikia nikajikuta nimeyaziba macho kwa viganja vyote viwili, mimi mtu mzima, mama wa watoto watatu, mbele za watu. Ndivyo nilivyofundishwa nikiwa bado na pengo la meno ya mbele. Fundi akazima mashine, akacheka.

"Mama, iko inakuogopesha?"

"Hapana. Endelea na kazi yako."

Pikipiki nilikuwa nimeiegemeza ukutani kwa sababu haiwezi tena kusimama peke yake. Bekiye yake imekwisha. Neno hilo sisi wa Rumonge, huku Burundi, tulilitoa kwenye Kifaransa na hatuna mpango wa kulirudisha. Bekiye ni ule mguu wa pembeni wa pikipiki, unaoushusha kwa unyayo wa kushoto ukitaka kushuka. Bekiye ni magongo pia, yale ya kwapani anayotembelea mtu aliyevunjika. Neno ni moja, vitu ni viwili, na watu wazima hawachanganyi hata kidogo. Mtoto ndiye anayechanganya, na mtoto huyo nilikuwa mimi.

Niseme kwanza kwamba nilikwenda kwa fundi nikiwa na hasira. Baba yangu amezeeka. Tangu Mama atutoke hana wa kutaniana naye, na mvua zilizopita aliteleza uani akaanguka. Hakuvunjika popote, picha zilionyesha hivyo, na daktari akasema dawa iliyobaki ni moja, kutembea. Nikamnunulia bekiye mpya, nyepesi, zenye vitundu pembeni na kidude cha kubonyeza ili zirefuke au zifupike. Kila asubuhi naziweka kando ya kiti chake, na kila jioni nazikuta palepale. Ukimwambia ainuke anasema kesho. Nimezichoka kesho zake. Mtu akikugombeza unaweza kumjibu, lakini huyu anatabasamu, anakuuliza habari za watoto, na haondoki kwenye kiti. Ninaogopa, kwa sababu nilishawahi kumwona amekaa namna hiyo, na ilikuwa nusura asiinuke.

Fundi akaifungua ile bekiye, akaja nayo mkononi. Tundu la juu, mahali linapopita bulo, ile bolti ya kuifungia, lilikuwa limelika upande mmoja mpaka likawa na umbo la yai. Chini kisahani chake kilikuwa kimesagika, kimebaki chembamba.

"Hii tutupe, Mama. Nitakutafutia ingine."

Nikaichukua, nikafuta grisi kwa kidole gumba. Karibu na chini kuna kipande cha bomba kilichovishwa juu ya chuma na kuchomelewa, urefu wake vidole viwili, na hapo katikati bado imebaki alama ya rangi ya buluu. Nikakaa juu ya tairi bovu nikiwa nimeishika. Fundi alinisubiri kwa adabu.

"Usitupe," nikamwambia. "Utaitengeneza hii hii."

Nilipokuwa mtoto Baba alikuwa fundi wa vyerehani. Hakuwa na duka. Alizunguka soko hadi soko, Rumonge, Bugarama, mpaka Nyanza-Lac, na sanduku la vyuma vidogo limefungwa nyuma ya pikipiki. Pikipiki yenyewe ilikuwa kizee tangu wakati huo. Ilikuwa na tangi jekundu la mviringo, magurudumu membamba, na kiti kilichopasuka, kikashonwa, kikapasuka tena. Baba alikuwa nayo kabla ya kumwoa Mama, kwa hiyo Mama aliiita Bi Mkubwa. Sisi ni Waislamu wa mjini, jina hilo halikuhitaji kuelezwa kwa mtu: huyo ndiye mke wa kwanza, na Mama alikuwa wa pili. Asubuhi Baba akiifuta vumbi, Mama alisimama mlangoni na kikombe mkononi.

"Chai yako iko inapoa. Ao nimupatie kwanza bi mukubwa?"

"Yeye anakunywa esanse tu," Baba alijibu bila kugeuka, akifuta kifuniko cha petroli. "Hana maneno."

"Ndiyo maana unamupenda."

Nyumba yetu ilikuwa ya kelele namna hiyo, na mimi nilidhani nyumba zote ziko hivyo.

Siku moja Baba alikuwa akirudi kutoka sokoni. Kwenye kona moja ya barabara ya Bujumbura lilikuwa limepita lori la mawese na dumu moja lilikuwa limepasuka. Bi Mkubwa aliteleza kwenye mafuta, akalala upande wa kushoto, na mguu wa kushoto wa Baba ukawa chini yake. Baba alipelekwa hospitali. Bi Mkubwa aliletwa nyumbani na majirani wakimsukuma, amejaa mawese toka tangi mpaka magurudumu, na uani kwetu kukanuka mawese kwa wiki nzima. Mpaka leo maharage yakitiwa mawese mengi siwezi kuyala, na watoto wangu wanadhani najidai.

Baba alirudi na plasta kuanzia pajani. Bekiye zake alitengenezewa na Fundi Shabani, jirani yetu na rafiki yake, aliyekuwa na karakana ya kuchomelea karibu na soko. Alizitengeneza kwa mabomba ya kitanda kibovu kilichopakwa rangi ya buluu, na Mama akashonea vitambaa vya kitenge mahali pa kwapa. Nakumbuka Shabani alivyoingia uani amezibeba begani.

"Muzee Ramazani, bekiye zako hizi."

Mimi bekiye niliyoijua ilikuwa moja tu, ya Bi Mkubwa. Kila jioni Baba akirudi alikuwa akiniambia, "Zai, angalia kama bekiye iko chini vizuri," na mimi nilikwenda kuangalia, na hiyo ilikuwa kazi yangu niliyojivunia. Basi niliposikia bekiye zimeletwa kwa Baba nikatoka mbio kumwangalia Bi Mkubwa. Nilimkuta ameinama kuliko siku zote, mpini wake umekaribia kugusa ukuta wa jiko. Nikaelewa kila kitu. Baba amevunjika mguu, na mke wake mkubwa amemwazima wa kwake. Ndiyo maana amebaki ameinama hivi. Sikumwuliza mtu, kwa sababu niliona hakuna cha kuuliza. Nikamfuta tangi kwa gauni langu na kumwambia asante.

Plasta ilitolewa. Mguu uliotoka mle ndani sikuupenda, ulikuwa mwembamba, umepauka, na Baba mwenyewe aliufunika haraka kwa shuka. Tulingoja ainuke. Hakuinuka. Alikaa barazani siku nzima, sanduku lake la vyuma limefungwa, na Mama alipomtania alimjibu kwa upole. Upole ule ulinitisha kuliko kilio. Mama naye akaacha utani, chai ikawa inaletwa na kunywewa bila neno.

Kisha siku moja wakati wa chakula Baba akasema atamwuza Bi Mkubwa.

Mama akaweka sahani chini. "Na utatembelea nini?"

"Nitembee niende wapi?"

"Kwa kazi yako, Baba Zai."

"Gia iko kwa muguu wa kushoto. Muguu wenyewe umekufa. Muache mutu mwengine amupande."

Mimi nilirudisha tonge la ugali sahanini. Wao walikuwa wakizungumza habari ya pikipiki, mimi nilikuwa nikisikia kitu kingine kabisa: Bi Mkubwa akiondoka, ataondoka na mguu wake. Hataacha mguu wake kwa watu waliomwuza. Na Baba atabaki ameketi pale barazani maisha yake yote.

Mnunuzi alikuwa Bwana Haruna wa Nyanza-Lac, mtu mwenye kanzu nyeupe sana, aliyekulia Tanzania na kurudi na Kiswahili chake chote. Alimzunguka Bi Mkubwa, akabonyeza magurudumu, akasikiliza injini, akaridhika. Kasoro aliona moja.

"Stendi imechoka, ndugu yangu. Itaniangukia njiani. Itengenezeni hiyo stendi, mimi Ijumaa nakuja kuichukua."

"Stendi ndio nini?" Mama akauliza.

"Bekiye," Baba akasema.

"Bekiye!" Bwana Haruna akacheka. "Huku kwenu kila kitu ni Kifaransa."

Kesho yake Shabani alikuja akamsukuma Bi Mkubwa mpaka karakana yake.

Jumatano Baba alikuwa na siku yake ya mazoezi kwenye santere, kituo cha afya cha mtaa wetu. Tulikwenda wote watatu. Mama Esperansi, mganga wa mazoezi, alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Alimsimamisha Baba katikati ya chumba, akamtazama kwa nyuma, akapiga ulimi.

"Kusimama gani hii? Angalia mabega yake, yamepanda mpaka kwa masikio! Bekiye iko murefu. Ndio maana hataki kutembea, iko inamuumiza kwapa. Fundi apite kwenu akate vidole viwili. Na siku moja uache imoja, Muzee, ujaribu na ingine tu."

Baba akatikisa kichwa kukubali, kama alivyokubali kila kitu siku hizo bila kufanya hata kimoja. Mama alikuwa bado anasubiri dawa, kwa hiyo akanigeukia. "Zai, pita kwa Shabani, umwambie vile."

Nikatoka mbio. Nilirudia njia nzima: bekiye iko murefu, vidole viwili, bekiye iko murefu, vidole viwili. Nilipita mahali wanapoanika ndagala, dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika, nikaruka nyavu, mwanamke mmoja akanigombeza kwa kumrushia mchanga, na hapo ndipo lile la fundi apite kwetu liliponitoka. Nilifika karakana na maneno mawili tu mdomoni.

"Funga macho!" Shabani akapiga kelele.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwa mtoto yeyote aliyekaribia mwanga wa kuchomelea. Nikaziba macho kwa viganja. Kwa hiyo sikuona ameshika nini, na ujumbe wangu niliutoa gizani.

"Fundi, wamesema bekiye iko murefu. Ukate vidole viwili."

Mashine ikanyamaza. "Iko murefu? Hii? Mimi naona iko mufupi, imekwisha."

"Iko murefu. Iko inamuumiza Baba."

"Ni baba yako ndiye amesema?"

Nikafikiri. Baba alikuwepo, na alitikisa kichwa. "Ndiyo."

Shabani akavuta pumzi. Alimheshimu sana Baba kwa mambo ya vyuma, kwa sababu Baba alizoea kumtumia maagizo ya ajabu ajabu bila maelezo, na kila mara yalikuwa sahihi. "Muzee akisema kitu ya chuma, mimi sibishi," akasema. "Vidole viwili vya nani? Vyako ao vyangu?"

"Vya mutu mukubwa."

Nikasikia msumeno unapita. Nilirudi nyumbani nikirukaruka kwa furaha. Bekiye iliyomwumiza Baba imekatwa, maana kwangu mguu wa Bi Mkubwa na magongo ya Baba vilikuwa kitu kimoja, sasa atatembea, na akitembea hatamwuza Bi Mkubwa.

Ijumaa baada ya swala Bwana Haruna akaja, kanzu nyeupe kuliko mara ya kwanza. Baba alikuwa barazani na bekiye zake mbili kando. Nilizitazama, zilikuwa ndefu vilevile, nami nikasogea nyuma ya Mama. Shabani akaingia akimsukuma Bi Mkubwa. Bekiye alikuwa ameifunga asubuhi ile kwa haraka kabla ya kwenda msikitini, na hakuijaribu. Akamsimamisha katikati ya uwanja, akaishusha bekiye kwa unyayo, akaachia.

Bi Mkubwa akainama. Tulingoja afike mwisho wa kuinama, na mwisho haukufika. Bwana Haruna akaruka pembeni, mpini ukamkamata kwenye kanzu na kumchora mstari wa grisi toka kiunoni mpaka gotini. Shabani akamdaka Bi Mkubwa kwa mikono miwili kabla hajagusa chini.

"Muzee, ni weye ulisema nikate!"

"Mimi?" Baba akauliza. "Ukate nini?"

"Bekiye! Vidole viwili! Si ulimutuma mutoto?"

Wote wakanigeukia. "Mama Esperansi ndiye alisema bekiye iko murefu," nikasema, na kilio kikafuata.

Bwana Haruna, aliyekuwa ameshika kanzu yake, akauliza kwa unyenyekevu kabisa, "Samahanini, huyo Mama Esperansi ni fundi wa pikipiki?"

Mama ndiye aliyeelewa wa kwanza. Aliziba mdomo kwa mtandio, mabega yakaanza kumcheza. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu siku ya mawese. Baba alikuwa anacheka. Alicheka kwa kukohoa mwanzoni, kisha kwa tumbo zima, akijipiga paja, machozi yakamtoka, na kila akijaribu kusema "vidole viwili" anashindwa kumaliza.

"Cheka, Muzee," Shabani akasema, "lakini mimi mikono iko inachoka."

Baba akanyamaza. Akatazama huku na huku kutafuta kitu cha kumwegemezea Bi Mkubwa, na hapakuwa na kitu, ukuta ulikuwa mbali. Akajiinua kwa bekiye zake. Akaenda mpaka pale, taratibu, mabega yamepanda mpaka masikioni. Akafika, akachomoa bekiye moja kwapani, akaipachika chini ya mpini, na kuisukuma kwa mguu mzima mpaka ikakaza.

"Achia," akamwambia Shabani.

Shabani akaachia. Bi Mkubwa akasimama kwa bekiye ya Baba. Na Baba akasimama upande wa pili, na bekiye moja. Mama aliushika mkono wangu kwa nguvu mpaka ukaniuma. Bwana Haruna alisema atarudi Ijumaa nyingine, tukiwa tumekwisha kuelewana bekiye yetu ni kitu gani.

Walipoondoka Baba aliniita. Akaniuliza kwa nini nililia vile, mbona hakunigombeza mtu. Nikamwambia yote: kwamba Bi Mkubwa alimwazima mguu, kwamba akiuzwa ataondoka nao, kwamba nilitaka tu isimwumize. Nilidhani atacheka tena. Hakucheka. Aliupandisha msuli aliojifunga kiunoni mpaka gotini, mbele yangu, akauchukua mkono wangu na kuuweka juu ya ule mguu mwembamba. Ulikuwa na joto. Sikuwa nimetegemea utakuwa na joto.

"Hii iko yangu, Zai," akasema. "Iko mubaya, lakini iko yangu. Sikuazima kwa mutu."

Jumamosi asubuhi aliondoka kwenda kwa Shabani. Alikwenda na bekiye moja, kwa sababu ya pili ilikuwa imemshika Bi Mkubwa, na mimi nilibeba sanduku lake la vyuma, bekiye iliyokatwa ikiwa ndani, mpaka mikono ikaniuma. Kwa mtu mzima ni mwendo wa dakika tano. Sisi tulipumzika mara nne. Watu wa sokoni walisimama kumpa mkono, wakamchelewesha, na alifika anatweta.

Shabani alitaka kuongeza chuma chochote kilichokuwa karibu, amalize. Baba akakataa. "Ulikata vidole viwili, mimi nitakupatia vidole viwili." Akamwagiza akate chini ya bekiye yake aliyokuja nayo, kipimo kile alichosema Mama Esperansi, na kile kipande cha bomba la buluu akakivisha juu ya mguu wa Bi Mkubwa uliofupishwa. Kilicheza kidogo, akakijaza kwa vipande vyembamba vya bati. Nami nikiwa nimeziba macho, Shabani akachomelea. Nilichungulia kati ya vidole, ninakiri, nikaona mwanga mweupe na uso wa Baba umegeukia pembeni, na alikuwa anatabasamu peke yake.

Kazi ilichukua siku tano, kwa sababu Baba hakukubali ya haraka. Tundu lililolika alilitia pete ya shaba, aliyoitoa kwenye cherehani kibovu, akaisugua kwa tupa zake ndogo mpaka bulo likapita bila kucheza. Chini alitaka kisahani kipana ili isizame kwenye mchanga wetu. Kila asubuhi tulikwenda, na kila siku mapumziko yalipungua moja. Alikuwa akinieleza kila hatua, na mimi nilimwuliza kila kitu.

"Ikiwa fupi?"

"Inaanguka kushoto. Wewe unajua, si wewe uliikata?"

"Na ikiwa ndefu?"

"Inasimama wima, halafu upepo wa ziwa unakuja, inaanguka kulia."

"Kwani kusimama wima ni vibaya?"

"Kwa piki, ndiyo. Inatakiwa iiname kidogo, ipumzike."

Ijumaa ikafika. Bi Mkubwa alikuwa uani, amesimama kwa mguu wake, ameinama kidogo, kiasi chake. Nilijua ametengenezwa vizuri kabisa, na ndicho kilichoniumiza, maana sasa hapakuwa na sababu ya Bwana Haruna kutomchukua. Alikuja na kanzu nyingine. Akashusha na kupandisha bekiye mwenyewe, akasifu. Akatia mkono mfukoni.

"Subiri," Baba akasema. "Niende mpaka barabarani nirudi. Nimuage."

Baba akanipa bekiye yake ya buluu nishike. Akapanda kwa shida, akapiga kiki kwa mguu wa kulia, mara tatu, na Bi Mkubwa akaitika. Kisha nikaona unyayo wa kushoto unaitafuta gia. Jasho lilimtoka usoni. Unyayo ukaipata, ukaibonyeza, pikipiki ikashtuka mbele, na wakatoka getini wote wawili wakiyumba.

Tukasikia mlio unakwenda, unabadilika, unapungua, halafu hatukusikia kitu. Mama alikuwa ameshika kikombe cha chai alichokuwa anamletea mgeni na alisahau kumpa. Sijui tulingoja muda gani. Kwangu ulikuwa mrefu sana, nikaikumbatia ile bekiye kifuani na kumwomba Mungu kwa maneno yote niliyofundishwa chuo cha Kurani, hata dua za kula na za kulala.

Walirudi. Baba akasimama katikati ya uwanja, akazima injini, na hapo nikakumbuka kwamba ili ashuke lazima aishushe bekiye kwa mguu wa kushoto. Unyayo ukatoka kwenye gia, ukashuka, ukaikosa. Ukajaribu tena, ukateleza. Shabani, aliyekuwa ameingia nyuma yao, akapiga hatua ya kumsaidia na Mama akamzuia kwa mkono. Mara ya tatu unyayo ukaikamata bekiye na kuisukuma mbele, nikasikia chuma kinagonga mwisho wake. Bi Mkubwa akainama kidogo, akapumzika. Baba akashuka mwenyewe.

Bwana Haruna hakuiangalia bekiye. Alikuwa akiutazama ule mguu. Akautoa mkono mfukoni, mtupu.

"Ndugu yangu, hii pikipiki huuzi."

"Siuzi," Baba akasema. "Unisamehe."

"Umenichafulia kanzu na pikipiki hunipi," akasema, akimshika Baba bega. "Basi nitakuletea yangu ya zamani. Nayo stendi imechoka."

Mama akamkabidhi kikombe, chai imekwisha poa, kisha akamgeukia Baba na macho yenye machozi. "Na bi mukubwa atakunywa?"

"Mutilie," Baba akajibu. "Ametoka mbali."

Yote hayo hayakumhusu fundi wa wiki iliyopita, kwa hiyo sikumwambia. Nilimwomba tu alitie tundu pete mpya, aongeze kisahani chini, na lile bomba la buluu asiliguse. Akakubali. Akaniambia niache pikipiki, kesho nitaikuta imesimama. Nilikuwa nimekwisha kunyanyuka niende. Halafu nikarudi.

"Wewe baki na bekiye. Piki mimi naenda nayo."

"Bila bekiye, Mama? Utaiegemeza wapi?"

"Nitapata pa kuiegemeza."

Nikaipanda mpaka nyumbani. Baba alikuwa kwenye kiti chake, kivulini, bekiye zake za vitundu kando. Niliingia mpaka katikati ya uwanja, mbali na kila ukuta, nikazima, nikashuka nikiwa nimeshika mpini kwa mikono miwili.

"Baba, unishikie kidogo. Haina bekiye."

"Iegemeze kwa ukuta."

"Ukuta uko mbali, na iko inaanguka."

Akanitazama. Kisha akatazama chini ya pikipiki, upande wa kushoto, mahali palipobaki patupu. Baba amezeeka, lakini mjinga hajawahi kuwa. Nikaona mdomo wake unaanza kucheza pembeni.

"Umemwambia akate tena?"

"Vidole viwili," nikasema.

Akacheka, kwa kukohoa kwanza. "Basi niletee hizo bekiye."

"Siwezi, Baba. Nimemushika bi mukubwa."

Akakaa akiniangalia. Nilitamani kuacha kila kitu nikamwinue, na sikuacha. Akanyoosha mkono mwenyewe, akachukua moja, akaiacha nyingine palepale. Akashika mkono wa kiti. Akainuka nusu, akarudi, akainuka tena. Alikuja taratibu sana, akivuta mguu uleule wa kushoto, na alipofika akaweka kiganja chake juu ya mpini, kando ya changu.

"Achia," akaniambia.

Nikaachia.